Neno Moja la Kiingereza Lililotaka Kutukosesha Bibi Harusi

Dada zetu wapenzi, hasa nyinyi maharusi watarajiwa.

Wengi wenu mko Unguja na Pemba. Sisi tuko mbali na bahari, huku Songea, mkoani Ruvuma, ambako mwezi wa sita na wa saba baridi hukaza vidole hata sindano ikawa nzito. Tunashona magauni ya harusi ya stara. Leo tunawasimulia kosa letu wenyewe, huenda likamfaa mwenzetu anayefanya biashara kwa simu.

Mwaka jana tulipata mteja aliyezaliwa na kukulia London, wazazi wake wakiwa watu wa Unguja. Harusi ilipangwa kufanyika kisiwani, kwa shangazi yake. Kiswahili anakielewa kidogo tu, kwa hiyo tukawa tunaandikiana kwa Kiingereza. Chetu sisi ni kile cha kidato cha nne. Baada ya hapo tulisoma kozi ya ushonaji, na Kiingereza tukakiacha darasani.

Wiki tatu kabla ya harusi akauliza kazi imefikia wapi. Siku hizo tulikuwa tunatia shanga kwenye mikono ya gauni hadi saa sita usiku. Tukamjibu kwa fahari: "We are working very hardly and lately every day." Tulikusudia kumwambia kwamba tunafanya kazi kwa bidii sana, hadi usiku, kila siku.

Hakujibu. Jioni shangazi yake akatupigia simu. Tulipomaliza kumwamkia, akasema, "Mwanangu, mtoto analia huko. Anasema mmeandika wenyewe kuwa kazi hamfanyi. Kama mmeshindwa semeni, mturudishie kianzio, tutafute fundi mwingine."

Tulishika vichwa. Ikabidi tumwonyeshe ujumbe ule jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza. Alicheka kwanza, kisha akakaa nasi kwenye benchi la dukani akatufundisha.

Sisi tulidhani kila kielezi cha Kiingereza lazima kiishie na "-ly", kwa kuwa "careful" huwa "carefully" na "slow" huwa "slowly". Kumbe "hard" ikisema bidii haibadiliki. "Hardly" ni neno jingine kabisa, maana yake ni kama kusema "ni nadra" au "karibu na hapana". Vivyo hivyo "late" ni kuchelewa, lakini "lately" ni "siku za karibuni". Basi yule binti alisoma kwamba siku hizi kazi yake haiguswi!

Mwalimu akatuandikia hivi: "We are working very hard here until late every night." Akatuonyesha mpangilio wake: kwanza namna kazi inavyofanyika, kisha mahali, kisha wakati. Wenye lugha yao huweza kuugeuza kwa sababu zao, lakini sisi tunaojifunza tukiufuata hatupotei.

Akatuonyesha na pale tunapojikwaa kwa sababu ya Kiswahili chetu. Sisi husema "vizuri sana", neno la kutia nguvu likifuata nyuma. Wao hulitanguliza: "very well". Lakini "enough" hubaki nyuma: "early enough", mapema vya kutosha. Sisi hukoleza kwa kurudia, "haraka haraka". Wao husema "very quickly". Na bibi harusi anayetaka kusema "nimelipenda sana" asiandike "I very like it". Aandike "I like it very much".

Tulimtumia binti picha za gauni pamoja na sentensi ile mpya. Tukampigia shangazi tukamwomba radhi. Usiku binti akaandika kwamba sasa anaweza kulala. Gauni likasafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha kwa boti hadi Unguja, likafika siku tisa kabla ya nikahi, alhamdulillah.

Hatukumlaumu kwa kulia. Yuko mbali, mikono yetu haioni, anachokiona ni maneno yetu tu. Fundi akisema "inshallah kesho" huku anajua kitambaa hakijakatwa, kosa lake ni kubwa kuliko letu la "hardly", maana amelitumia jina la Mola kufunika uvivu wake. Sisi bidii ilikuwepo, lakini mteja hakuipata kwa sababu hatukuisema sawasawa.

Sasa tukiwaandikia wateja wa nje tunatumia sentensi fupi, kielezi kimoja au viwili tunavyovijua, na tarehe. Tukiwa na shaka tunamwuliza mwalimu kabla ya kutuma. Na wewe bibi harusi, ujumbe wa fundi ukikutia hofu, mpigie kabla hujalia. Huenda yuko macho usiku huo huo anakutilia shanga.

Wassalaam,
Dada zenu mafundi wa Songea