Risasi za Babu

Jirani alinisikia nikimwambia mke wangu, "Kesho nayeyusha risasi." Jioni mjumbe akabisha hodi. Nikamtolea kopo la machubwi yangu ya kuvulia, akacheka mpaka akaomba kiti. Lugha yetu nayo! Ya bunduki risasi, ya mshipi risasi, na Waarabu tuliowakopa neno wanafanya vivyo hivyo.

Mimi ni mvuvi wa Jumapili tu, hapa Tanga. Gereji naokota vile vipande vya kusawazishia magurudumu, nakuja kuviyeyusha uani kwenye kikaango kikuukuu. Risasi haitaki moto wa mhunzi. Nyuzijoto 327 tu inatosha, inang'aa kama kioo. Ila kalibu iwe kavu kabisa. Tone moja la maji, inakurukia usoni.

Babu alinifundisha yote hayo, isipokuwa sumu yake. Vipande vidogo alivibana kwenye mshipi kwa meno, nami nikaiga.

Mwezi uliopita nikamkuta mwanangu wa miaka minne ana chubwi mdomoni, analinyonya kama peremende. Nikalichokoa kwa kidole, mkono unatetemeka. Hospitali wamechukua damu, majibu bado.

Sasa kila chubwi nalipaka rangi mara mbili, nabana kwa koleo, na kopo liko juu ya kabati. Mke wangu hataki hata kuliona. Mtoto yeye ana swali moja, kila siku:

"Baba, si wewe ulikuwa unazing'ata?"