Homoni Ziko Sawa, Mzee

Nilimwambia mgonjwa kwamba homoni zake ziko sawa, kumbe haziko sawa, kisha nikamtupia lawama za miraa. Kipimo nilikiagiza, damu ikatolewa asubuhi kama inavyotakiwa, matokeo nikayasoma. Kosa langu lilikuwa kukiamini kipimo hicho kwa mtu ambaye ini lake limeshaharibika.

Alikuwa mfugaji wa viungani mwa Garissa, miaka hamsini na kitu, na hepatitisi B ilikuwa imelijaza ini lake makovu. Chanjo ya ugonjwa huo iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga wa Kenya mwaka 2001. Watu wa rika lake hawakuipata utotoni. Tumbo lilikuwa limejaa maji, nami nilikuwa nimemwandikia spironolaktoni ya kuyapunguza. Aliporudi alilalamikia uchovu. Kisomali changu kinaishia kwenye salamu, na siku hiyo mkalimani alikuwa mwanawe. Baba gani atamtaka mwanawe amtafsirie kwamba hamu ya mke imemtoka? Alisema amechoka, basi. Lakini nilipomwomba avue shati, aliiacha shali begani na kuibana kwa kiwiko. Chini yake matiti yalikuwa yamevimba, nilipoyagusa akaguna. Nywele za kwapani zilikuwa zimepukutika.

Nikaagiza testosteroni. Ikarudi katikati ya kiwango cha kawaida.

“Homoni ziko sawa, mzee. Punguza miraa tu.”

Kijana akatafsiri. Mzee akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, hakujibu.

Kipimo cha kawaida huhesabu testosteroni yote iliyomo kwenye damu. Karibu yote imeshikwa na protini: nyingine imekamatwa barabara na ile iitwayo kwa kifupi SHBG, nyingine imeshikiliwa kwa ulegevu na albumini. Iliyo huru kabisa ni kama asilimia 2. SHBG hutengenezwa na ini, na ajabu ni kwamba kwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, huzidi badala ya kupungua. Homoni inakamatwa zaidi, jumla inapendeza, ya kutumika imekauka. Ni kuhesabu mikokoteni ya punda inayopanda kutoka mto Tana ukasema mtaa una maji, ilhali kila mtungi umeshalipiwa na mtu mwingine.

Kotisoli, homoni ya tezi za adrenali, hutega kinyume. Protini inayoibeba nayo hutoka kwenye ini, ila yenyewe hupungua, na albumini vilevile. Jumla inashuka hata kama iliyo huru inatosha, na mwenye haraka ataamua kwamba tezi za adrenali zimeshindwa. Hapo huandikwa prednisoloni, ambayo kwa mwenye hepatitisi B inaweza kuviamsha virusi. Kosa hilo sijalifanya, pengine kwa kuwa kotisoli hatukuwa tukiipima.

Aliyenizindua ni daktari bingwa wa Nairobi niliyempigia simu kuhusu yale maji ya tumboni. Akauliza: SHBG ngapi? Albumini ngapi? Albumini ilikuwa kwenye faili, iko chini, na sikuwahi kuihusisha na lolote. Damu ya kupima SHBG ikapelekwa Nairobi, kilomita 370 hivi. Tukapiga hesabu ya testosteroni iliyo huru. Kwa mgonjwa wa namna hii hesabu hiyo nayo haina uhakika kamili, lakini ilitoka chini mno hata hatukuwa na la kubishania. Kisha akauliza dawa anazotumia. Nikanyamaza. Spironolaktoni huzuia kazi ya homoni za kiume na kuvimbisha matiti, na ni mimi niliyeiandika.

Nikamwita mzee tena, safari hii akiwepo muuguzi wa kiume anayejua Kisomali. Nikamweleza nilipokosea. Spironolaktoni tukaibadilisha kwa amiloridi, tenofoviri, dawa yake ya virusi, ikaendelea. Sindano za testosteroni hatukumpa: ini la aina hiyo tayari liko katika hatari ya saratani, na faida yake haijathibitika vya kutosha. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema miraa aliiacha tangu alipoambiwa ana ugonjwa wa ini. Tangu siku ile, kila akitoka kwenda sokoni, mwanawe humuuliza pesa amezipeleka wapi.

“Daktari, hayo ya homoni usimwambie. La miraa mwambie wewe.”

Kijana alikuwa nje kwenye benchi. Nikatoka nikamwambia.