Mwalimu Asomaye

Sisi tufundishao huku Terrat, kusini mwa Jiji la Arusha, twauona Mlima Meru bila kulipa nauli, lakini maktaba yatubidi kuifuata mjini. Mwalimu atokaye darasani alasiri, hali amebeba madaftari ya watoto sitini, hufika huko siku ya Jumamosi akijaliwa, na aghalabu hajaliwi. Kwa hiyo kwa miaka mingi kitabu alichokisoma mwalimu kilikuwa kile kile cha wanafunzi wake, naye amewatangulia kurasa chache tu. Mtoto mwenye akili huligundua jambo hilo upesi.

Si kwamba nchi yetu haikuliona. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa huko Dar es Salaam. Mwaka ule ule wa 1963 ilichapwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mtu mwenye dola nzima mabegani alipata saa ya kukaa na kitabu! Wenye darasa moja wana udhuru gani?

Sasa vimekuja vishikwambi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliwagawia walimu wa shule zake vishikwambi vilivyokuwa vimetumika katika kazi hiyo. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, ambako husomwa bila malipo. Fedha ya bando tu ndiyo humtoka msomaji. Wako wadhanio kwamba kwa hayo mwalimu amekwisha kupata maktaba kiganjani, na shauri limekwisha. Sisi twaona kwamba kazi ndiyo kwanza imeanza.

Wazee wetu waikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ingaliweza kusema mchana kutwa, na watu wakaendelea na shughuli zao. Lakini walikusanyika vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Sauti ilitoka redioni, lakini waliofundishana ni wale walioizunguka.

Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa maoni yetu wafuata njia hiyo hiyo, kwani walimu wa shule moja hukaa pamoja na kufunzana. Shuleni kwetu twakaa Jumatano baada ya vipindi. Siku moja mwenzetu alileta tatizo: watoto wake walishikilia kwamba sehemu moja ya nane ni kubwa kuliko sehemu moja ya nne, kwa kuwa nane ni kubwa kuliko nne. Tulitafuta katika kishikwambi, tukapata somo lililorekodiwa la mwalimu mwingine. Mmoja wetu akataka tulipeleke darasani kama lilivyo. Lakini kioo chenye upana wa daftari, mbele ya watoto sitini! Walio nyuma wangaliona mwanga tu. Basi tulilitazama sisi wenyewe mara tatu, tukakizima chombo, tukatafuta karatasi kuukuu. Kesho yake kila mtoto alikunja karatasi yake mara mbili, akahesabu vipande vinne. Akaikunja mara ya tatu, akahesabu vinane, akaona kwa macho yake jinsi kila kipande kilivyopungua. Wengi wa watoto hao nyumbani husema Kimaasai, na maelezo yetu ya Kiswahili juu ya kiasi na asili yasingaliwafikisha mbali. Karatasi iliwafikisha.

Tangu hapo twashika kwamba saa iliyo bora ya kishikwambi ni ile jioni ya kuamkia kipindi, mikononi mwa mwalimu.

Hata hivyo, yako ambayo hatujayapata humo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kitabu cha kiada chapatikana, lakini watoto wakaao chini ya Meru huuliza habari za mlima wao: habari za mwaka 1951, familia za Wameru zilipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na habari za Kirilo Japhet, aliyesafiri hadi New York mwaka 1952 kuipeleka kesi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Kirilo na wakili Earle Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo kwa Kiingereza, kikachapwa mwaka 1967. Yuko mwenzetu mmoja aliyekisoma zamani. Alipotusimulia Jumatano iliyopita, hakuna aliyeitazama saa.

Twataka nakala ikae shuleni muhula mmoja, tuisome kwa zamu na kuwafasiria watoto. Mmoja wetu atakwenda kuiulizia maktaba mjini Jumamosi hii. Lakini ikiwa yuko msomaji aliye nayo nyumbani, pengine katika sanduku la vitabu vya marehemu babu yake, twamwomba atuazime. Tutaitia jalada la karatasi ngumu, nayo itarudi kabla ya likizo ya Desemba.