Asili Isitupwe

Katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Dar es Salaam limo sanduku la sidii. Ndani yake mna juzuu za Qurani zilizosomwa na wasomaji mashuhuri, mawaidha ya masheikh wetu, kaswida za madrasa, na pengine taarabu za zamani walizozipenda wazee. Sanduku hilo siku hizi halifunguliwi. Mashine za kuchezea sidii zimeharibika au zimeuzwa, kompyuta mpya nyingi hazina hata mahali pa kuzitilia, na vijana wetu wakitaka kusikiliza jambo hulisikiliza katika simu. Basi mtu alionapo sanduku limejaa vumbi hufikiri mambo mawili: azihamishe sauti zile katika simu, kisha azitupe sidii zenyewe. Jambo la kwanza ni jema, nasi twalihimiza. Juu ya la pili tuna neno, na neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Sisi twakaa Wazo, upande wa Tegeta, karibu na kilima ambacho mawe yake ya chokaa yamekuwa yakisagwa kuwa saruji tangu mwaka 1966. Katika mtaa wetu, kama katika mitaa mingine, vipo vibanda ambavyo kwa malipo madogo kijana atakutilia nyimbo, kaswida au mawaidha katika flashi au katika kadi ya simu. Watu huingia na sidii ishirini, wakatoka na kadi ndogo kuliko ukucha, nao hushangaa jinsi vitu vingi hivyo vilivyoingia mahali padogo vile. Ni haki kushangaa. Lakini baada ya kushangaa yatupasa kuuliza: je, vyote vimeingia?

Ili tujibu swali hili, na tutazame kwanza sidii ni kitu gani. Santuri za zamani zilikuwa na mfereji uliochorwa na sauti yenyewe, na sindano ikaufuata. Sidii, iliyotolewa na makampuni ya Philips na Sony mwaka 1982, haina mfereji wa namna hiyo. Ndani yake sauti imeandikwa kwa hesabu. Kila sekunde moja sauti hupimwa mara 44,100 kwa upande wa kulia, na mara 44,100 kwa upande wa kushoto, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Ukizidisha hesabu hizo utaona kwamba dakika moja ya sidii yataka baiti milioni kumi na nusu, na saa nzima yakaribia baiti milioni 635. Huo ni mzigo mkubwa kwa simu ndogo, na mkubwa zaidi kwa anayetaka kumpelekea nduguye aliye mbali kwa njia ya intaneti.

Kwa ajili hiyo wataalamu walitafuta njia ya kuubana mzigo huo. Mashuhuri kati yao ni wale wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, na miongoni mwao Karlheinz Brandenburg. Kanuni waliyoshiriki kuitunga ilichapishwa mwaka 1993, na mwaka 1995 faili zake zikapewa jina ambalo leo kila mtoto analijua, yaani MP3.

Hekima ya MP3 imejengwa juu ya udhaifu wa sikio la mwanadamu. Mfano wake ni huu. Umekaa barazani, na ukutani saa yagonga polepole; waisikia. Mara likapita lori la saruji. Muda ule saa haikuacha kugonga, lakini wewe huisikii, kwa sababu sauti kubwa imeifunika sauti ndogo. MP3 huichunguza sauti nzima, ikatafuta zile ndogo zilizofunikwa na kubwa, na zile nyembamba sana ambazo masikio ya wengi hayazipati, ikaziacha au ikaziandika kwa haraka haraka. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ya sidii huwa baiti milioni 58 hivi. Yaani mzigo wa watu kumi na mmoja hubebwa na mtu mmoja. Lakini faham, ndugu msomaji: kilichoachwa kimeachwa. Hakikufichwa mahali ili kitolewe kesho.

Ipo njia nyingine, nayo ni FLAC, iliyotolewa mwaka 2001. Hii nayo hubana, ila haitupi kitu. Aghalabu huipunguza sidii ikawa nusu yake au zaidi kidogo ya nusu, na ikifunguliwa hurudi ile ile, hesabu kwa hesabu. Tofauti ya njia mbili hizi ni kama tofauti ya watu wawili wanaotia kanzu katika mkoba wa safari. Mmoja ameikunja vizuri ikapungua. Akifika ataikunjua na kuivaa. Wa pili ameona mkoba ni mdogo, akaikata mikono. Naye atavaa akifika, na kwa mbali huenda watu wasitambue. Lakini kanzu ile haitapata mikono tena.

Jambo hili halikuwa la vitabuni tu kwetu. Katika sanduku letu mlikuwa na sidii sitini, na mojawapo haikununuliwa dukani. Ni maulidi yaliyosomwa nyumbani, na ndani yake yasikika sauti ya marehemu bibi yetu akiitikia pamoja na wanawake wenzake, na dufu likipigwa taratibu. Kwanza ilirekodiwa kwa kaseti; baadaye ikatiwa katika sidii; kisha kaseti ile ikaota ukungu, isifae tena. Kwa hiyo sidii hiyo moja ndiyo iliyobaki kuwa asili.

Mpwa wetu, kijana mwenye maarifa ya kompyuta, alikuja siku moja akaona sanduku. Baada ya kutuamkia alisema, "Mjomba, nipeni kazi hii. Nitazibana zote kwa kilobiti 64, ziingie katika simu zenu na simu ya shangazi, na nafasi itabaki. Kisha sanduku hili tuliondoe, linakaribisha mende."

Tukamwambia, "Ahsante, mwanangu. Lakini sauti ya bibi yako itakuwaje?"

Akasema, "Itasikika, mjomba. Maneno yote yatakuwamo."

Hakuwa mjinga, na hoja yake haikuwa ya kudharauliwa. Simu haihitaji mzigo wote wa sidii, na masikio yetu sisi wazee si ya kujivunia. Basi tukakubaliana tuijaribu. Alitengeneza nakala tatu za maulidi yale: moja ya kilobiti 192, moja ya 64, na moja ya 32. Tukamwita shangazi yake, ambaye alisikia sauti ya mama yake kila siku kwa miaka zaidi ya arobaini, wala hatukumwambia ipi ni ipi. Ya 192 aliisikiliza pamoja na sidii yenyewe, akasema hazina tofauti. Ya 64 alisema, "Ndiye, lakini dufu limelowa maji." Ya 32 aliisikiliza kidogo tu, akasema, "Huyu anasoma ndani ya mtungi. Mama yangu hakuwa na sauti hii. Zimeni." Kisha akaondoka kwenda jikoni, na kwa muda hakusema na mtu.

Mpwa wetu alinyamaza, kisha akatueleza mwenyewe sababu, nayo ni ya kweli. Ngoma ikipigwa hutoa mshindo wa ghafula, na MP3 iliyobanwa sana huusambaza mshindo huo, ukaanza kusikika kabla kidogo ya pigo lenyewe. Tena, kadiri ubanavyo zaidi, ndivyo sauti nyembamba za juu zinavyokatwa. Na katika sauti hizo za juu ndimo unamokaa ukali wa herufi kama sini na thaa. Kila aliyezungumza kwa simu mbovu amelionja jambo hili: mwenzako asema "thamani", nawe wasikia "samani". Katika mazungumzo ya soko mtaulizana mkaelewana. Lakini mtoto anayejifunza makhraji ya herufi kwa kumsikiliza msomaji wa Qurani, naye amepewa nakala iliyobanwa hata sini na thaa zimekaribia kuwa moja, atamuuliza nani?

Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo hili lahusu amana kuliko mashine. Wanavyuoni wetu wa Hadithi hawakutosheka kuuliza, "Limesemwa nini?" Waliuliza pia, "Umelipokea kwa nani, naye alilipokea kwa nani?" mpaka wafike kwenye asili. Nakala za sauti nazo zina isnadi yake. Faili iliyobanwa kutoka katika sidii imepokea kwa asili. Faili iliyobanwa kutoka katika faili iliyokwisha banwa imepokea kwa aliyesahau. Na kila mkono mmoja ukizidi, sahau huongezeka, kwa maana kila mara kompyuta hukata tena katika kilichokwisha katwa. Leo mtu huipata kaswida kwa rafiki, rafiki aliitoa kibandani, na kibanda kiliitoa wapi hakuna ajuaye.

Tena wapo wanaodanganyika kwa ukubwa. Mtu huchukua MP3 dhaifu, akaichoma katika sidii mpya icheze katika mashine ya kawaida, au akaigeuza kuwa FLAC, akaona faili imekuwa kubwa, akadhani uzima umerudi. Hasha! Ni maji yaliyoongezwa katika uji. Sufuria imejaa, unga ni ule ule. Ukubwa wa faili si ushahidi wa asili yake.

Basi yafaa nini? Mpwa wetu aliketi na kalamu akapiga hesabu. Sidii sitini za saa moja moja ni baiti bilioni 38. Kwa FLAC zitakuwa bilioni 23 au pungufu ya hapo, nazo zaenea katika flashi moja ya gigabaiti 32. Kumbe ile nafasi tuliyokuwa tukiihurumia haikuwa na dhiki kama tulivyodhani. Zamani, simu na diski zilipokuwa ndogo, ubahili huo ulikuwa na udhuru; sasa udhuru wake umepungua sana.

Kwa hiyo tulifanya hivi, nasi twalipendekeza kwa kila nyumba. Kwanza, sidii zilifutwa vumbi kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Pili, kila moja ilihamishwa kwa FLAC, kwa programu inayohakikisha kuwa usomaji umekuwa sahihi, kwa sababu sidii yenye mikwaruzo humfanya msomaji wake akisie. Tatu, FLAC hizo ziliwekwa mahali pawili, moja kwetu na moja kwa ndugu, ili mwizi au mvua isichukue zote. Nne, kutoka katika FLAC hizo zilitengenezwa MP3 za simu: kilobiti 192 kwa kaswida na visomo, na 64 kwa mawaidha ya sauti moja, ambayo kwa njia ya mono yasikika vizuri. Anayependa njia mpya zaidi, kama AAC au Opus ya mwaka 2012, na aitumie. Hizo hubana kwa ustadi zaidi, lakini nazo hukata. Tano, kila faili iliandikwa jina la msomaji, mahali na mwaka, kwa maana faili iitwayo "01" ni kama kaburi lisilo na alama.

Sidii zenyewe hatukuzitupa. Zimo katika mifuko yake, zimesimamishwa wima kabatini, mbali na jua. Hasa zile za kuchomwa nyumbani, ambazo hesabu zake zimeandikwa katika rangi inayofifia kwa joto na mwanga.

Huenda msomaji akasema tumelikuza jambo dogo. Na akumbuke kwamba Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie katika santuri, na anayetaka kumsikia leo hana budi kutegemea santuri ambazo watu fulani hawakuzitupa. Na akumbuke kwamba mwaka 1961, huko Misri, kisomo kizima cha Qurani cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kilitolewa kwa santuri, ili kisomo sahihi kihifadhiwe kwa sauti pamoja na maandishi. Waliofanya kazi ile hawakuuliza ni nafasi gani itaokolewa. Waliuliza ni nini kitakachosalia.

Siti na al-Husary wana watu wengi wa kuwahifadhia. Bibi yetu hana mwingine ila sisi, na bibi yako, msomaji, hana mwingine ila wewe. Leo shangazi ana sauti ya mama yake katika simu, ile ya kilobiti 192, naye huisikiliza akipepeta mchele. Mpwa wetu amekwisha rudi kwao Temeke na flashi ya pili. Kabla ya kuipeleka kadi yako kibandani, fungua kwanza sanduku lako uone ni sauti ya nani iliyomo ambayo haipatikani popote pengine. Na hiyo uianze.