Treni haifiki Mokambo

Jamaa nyingi zilizotoka Kalemie na Moba zinaniuliza: ukishuka boti Mpulungu, ufuate treni ama basi? Mimi nilishajibu vibaya mara moja.

Yaya alinipigia simu akiwa Kasama. Alikuwa amevuka ziwa na watoto watatu, mizigo mitano na sufuria. "Mdogo wangu, tupande nini?" Nikasema treni. Watoto watalala, mizigo itapata nafasi, nauli ni ndogo. Hayo yote yalikuwa kweli. Nilichosahau ni kwamba reli ya TAZARA, ile waliyoijenga Wachina miaka ya 1970, inaishia Kapiri Mposhi. Walishuka usiku. Pesa waliyookoa ililiwa na chumba, na basi la Ndola, na lingine la Mufulira, na wabeba mizigo kila kituo.

Kumbe kutoka Kasama kuna barabara ya Luwingu hadi Mansa. Pale unapata basi linalovuka Luapula kwa daraja la Chembe, lililofunguliwa 2008, linakata ardhi yetu ya Kongo na kutokea hapa hapa Mokambo. Miaka yote nayaona yakipita!

Mwenye mgonjwa, treni bado inamfaa, ila aweke pembeni kwacha za Kapiri. Wa basi amwambie dereva mapema kwamba anashuka Mokambo, na karatasi zake ziwe mkononi, si chini ya mizigo.

Yaya hajaacha kunitania. Basi la Mansa likipita, ananiita nje nilitazame.