Desimali Moja na Kombe la Mwisho wa Msimu

Wadau, leo tuache kidogo habari za simu mpya. Nataka kuzungumzia gofu, au niseme hesabu zinazojificha nyuma ya gofu. Najua kuna atakayeguna kwamba huo ni mchezo wa matajiri wa Karen. Subiri kwanza, maana ndani yake kuna somo kwa yeyote anayeandika programu.

Sisi ni kikundi cha wachezaji wa ridhaa, wengi wetu wakazi wa Kabete, Kinoo na Kikuyu. Hatuna uwanja wetu, hivyo tunalipia nafasi katika viwanja vya wenyewe. Upande huu wa magharibi ya Nairobi viwanja havikosekani. Royal Nairobi, ule ulio karibu na Kibera, upo tangu 1906. Kila mwezi tunashindania kikombe kidogo, na mwisho wa msimu kuna ubingwa: pointi za raundi sita bora za mwaka zinajumlishwa na za fainali.

Mwaka huu katibu wa mashindano alihamia Mombasa, akaniachia lahajedwali la Excel wiki tatu kabla ya fainali. "Wewe ni mtu wa kompyuta," wakasema, na mambo yakaishia hapo.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Katika gofu mchezaji dhaifu hupewa mipigo ya kupunguziwa, yaani handikapu, ili aweze kushindana na aliye hodari. Tangu 2020 kuna mfumo mmoja wa dunia nzima: huchukuliwa raundi zako 20 za karibuni, zikachaguliwa 8 bora, na wastani wake ndio unaotoa kiwango chako. Kiwango hicho huzidishwa kwa namba ya ugumu wa uwanja na kugawanywa kwa 113, ambayo ni namba ya uwanja wa ugumu wa kawaida. Kuna marekebisho mengine madogo ya uwanja, tuyaache. Katika mashindano ya mtu mmoja mmoja kama yetu, unachukua asilimia 95 ya jibu. Kisha, mwishoni kabisa, unaondoa desimali kwa kwenda kwenye namba nzima iliyo karibu.

Lahajedwali nililoachiwa lilikuwa likiondoa desimali mara mbili: kabla ya ile asilimia 95, na tena baada yake.

Utasema, desimali ni nini bwana? Chukua kiwango cha 14.3 katika uwanja wa ugumu wa 130. Unapata 16.45, na asilimia 95 yake ni 15.63, kwa hiyo mchezaji apewe mipigo 16. Lahajedwali lilimpa 15. Chukua sasa 8.3 katika uwanja huohuo. Jibu sahihi ni 9, lahajedwali likatoa 10. Mmoja kanyang'anywa mpigo, mwenzake kaongezewa, na mpigo mmoja unaweza kuwa pointi nzima.

Nilirudia hesabu za msimu wote usiku mmoja. Nahodha wetu alikuwa akiongoza kwa pointi nne mbele ya mwalimu mmoja mstaafu wa Kinoo. Baada ya kurekebisha, mwalimu akawa mbele kwa pointi moja.

Hapo ndipo kazi ya kompyuta ilipokwisha na kazi ya watu ikaanza. Tangu kanuni za 2023, mchezaji halazimiki tena kuandika handikapu yake kwenye kadi; kuihesabu ni jukumu la kamati. Yaani langu. Nikamfuata nahodha katika mkahawa mmoja wa Kimathi Street, nikiwa na karatasi mkononi.

Aliisoma mara mbili, kimya. "Kijana, umewaonyesha wengine?"

"La, Mzee. Nimeanza na wewe."

"Rekebisha. Lakini kanuni zote, hata za sare, zibandikwe ukutani kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Sitaki mtu aseme tumezitunga jioni."

Zikabandikwa. Siku ya fainali nahodha alipata pointi 37, mwalimu 36. Jumla ya msimu ikawa sare! Karatasi ya ukutani ilisema: sare itaamuliwa kwa mashimo tisa ya mwisho ya fainali, yakilingana sita, kisha matatu, kisha moja. Katika tisa ya mwisho mwalimu alikuwa na 19, nahodha 18. Nahodha aliisoma ile karatasi tena, akaenda kumpa mwalimu mkono. Ugomvi pekee wa siku hiyo ulihusu nyama choma iliyochelewa.

Kwa hiyo, wewe unayetunza hesabu za chama, SACCO au ligi ya mtaa:

1. Acha desimali zikae mpaka hatua ya mwisho.
2. Ukiachiwa lahajedwali, chagua majibu machache uyahesabu kwa mkono kabla ya kuliamini.
3. Tangaza kanuni ya sare kabla sare haijatokea. Baada ya hapo kila kanuni ina jina la mtu.

Lahajedwali nimelitupa na sasa naandika programu ndogo ya kuchukua nafasi yake. Ikikamilika nitawaonyesha. Siku njema, wadau.