Krismasi ng'ambo ya mto

Haya wadau, nimerudi. Najua kimya kimekuwa kirefu, lakini test zilitubana, halafu zilipoisha tu nikakimbilia stendi ya Magufuli bila hata kuaga rumeti wangu. Mlionitumia meseji za "mbona huonekani", nilikuwa kwa babu na bibi, Korogwe. Na huko nimefanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Nawasimulia, mtanihukumu wenyewe.

Kwa wasioijua ramani: mto ni Pangani, ila sisi Wazigua tunauita Ruvu. Mjini Korogwe ni upande mmoja, kwa babu ni upande wa pili, huu wa kwendea Handeni. Daraja lipo, na lami ya kwenda Handeni ipo, kilomita 65, lakini ukipitia huko kufika kwa babu unazunguka weee. Kwa mtumbwi ni dakika chache tu. Na hiyo ndiyo kazi ya babu na bibi tangu baba yangu hajaanza shule: kuvusha watu, maembe, kuku, mara nyingine hata maiti. Siku hizi abiria wote wamehamia kwenye bodaboda. Ila Krismasi babu bado nahodha. Wa Handeni wanakuja kwa barabara, lakini wa Dar wakishuka Korogwe lazima awavushe yeye. Kwake hiyo ndiyo sikukuu yenyewe, pilau inafuata.

Nilifika tarehe 20. "Mke mwenzangu umekonda," ndiyo salamu ya bibi hiyo. Babu akacheka, "Mke wangu mdogo karudi, nyumba itatulia sasa." Kazi zikaanza. Kukandika ukuta wa jiko, kuanika magodoro, kutwanga, kutafuta beberu. (Beberu anachinjwa na mume wa shangazi, ni Mwislamu. Bibi ni Mwanglikana wa Kideleko, na kwetu Krismasi wanakula wote, kwa hiyo kisu ni cha huyo huyo kila mwaka.) Halafu mtumbwi. Ni wa mwembe, una ufa upande wa nyuma. Babu aliuziba kwa kipande cha bati na lami, anapapasa kwa vidole, taratibu sana. Nikadhani ni uzee tu.

Tarehe 22 tulivuka kwenda kununua mchele. Babu mbele na kafi, bibi nyuma na upondo, mimi katikati nafua maji kwa kopo. Bibi anaongea muda wote. "Mzee, lile gogo la jana bado lipo, hapo kulia." "Nimeliona." "Na yule jirani kafunga mtumbwi wake vibaya, umekaa katikati ya njia." "Nimeuona." Mimi nacheka moyoni, bibi kwa umbea hajambo. Tuliporudi nikaruka mimi kwanza ukingoni, nikasimama kimya hatua tano mbele yake, namwangalia. Babu akageuza uso huku na huku. "Mke wangu mdogo kaenda wapi?"

Jamani. Nilihisi tumbo limeshuka.

Usiku bibi akanieleza jikoni. Ni mwaka wa pili sasa. Macho yote mawili yana ukungu, akitazama mwanga ndiyo mbaya zaidi. Anayeendesha mtumbwi ni yeye, babu anapiga kafi kwa kumsikiliza. Nikamwuliza kwa nini hasemi, mbona mtoto wa jicho unatibika. Akaniambia, "Nikisema, baba zako watamchukua Dar wamkalishe kwenye sofa. Na mtumbwi watauza. Mimi nitabaki na nani hapa?" Akaniomba nisimwambie mtu.

Sasa fikirieni. Siku mbili mbele wanakuja watu tisa, watano ni watoto wadogo, hakuna anayejua kuogelea. Mamba wamo mle. Na mto una ujanja wake: Handeni kunaweza kuwa kukavu kabisa, ila mvua ikipiga Usambara, Mkomazi inaleta maji na Ruvu unapanda. Bibi ana nguvu, sikatai, lakini ana miaka sabini na kitu.

Asubuhi ya tarehe 24 nikamtumia baba mdogo meseji. Mto umejaa, mkishuka pandeni bodaboda mpitie darajani. Mto haukuwa umejaa. Ulikuwa umepanda kidogo tu, kama shubiri.

Babu alivaa shati lake jeupe la kanisani, akaenda kukaa ndani ya mtumbwi saa nne. Alikuwa ametandika majani makavu ili watoto wasilowe. Saa nane tukasikia bodaboda nyuma ya nyumba, watoto wanapiga kelele. Alichelewa sana kupanda kutoka mtoni. Wakamwamkia, akaitikia marahaba moja moja, akauliza, "Nani kawaambia mto umejaa?" Baba mdogo akanitazama. Bibi naye akanitazama.

Nilijua nitatukanwa. Usiku, watu wamelala, babu akaniita. "Mke wangu, maji mimi nayasikia. Hayakujaa." Nikalia, nikamwambia yote, hata yale ya bibi. Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Kumbe kila mtu ananificha mimi, na mimi nawaficha wao." Maana alidhani bibi hajui ni kiasi gani haoni! Miaka miwili anamjibu "nimeliona" ili asimtie hofu.

Siku ya Boxing Day akawaambia wanawe mwenyewe, kabla sahani hazijaondolewa. Ugomvi ulikuwepo, siwafichi, na shangazi alilia. Mwisho wakakubaliana: mwezi huu anapelekwa kupimwa macho, akimaliza anarudishwa kwake, na mtumbwi hauuzwi.

Jioni watoto wakadai wavushwe. Bibi akachukua wawili wawili, baba mdogo akiwa na kafi mbele. Babu alikaa katikati, anafua maji kwa kopo langu, anamwambia baba mdogo, "Gogo liko kulia, wewe huoni?"